Heandarat Valle, Mvusha Wavuvi wa Mto Skierre

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani wa kingo zote mbili, na wageni mliotoka mbali, mimi ni Inká, dada mdogo wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha yake, na kabla sijaanza naomba mnivumilie hadi mwisho wa karatasi hii. Humu mna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mjane, na ninalisema leo kwa sababu keshokutwa Jumatatu Elle, binti wa marehemu, anavusha wageni palepale alipovukia baba yake.

Marehemu Heandarat Valle alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 hapa kijijini, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto wanne wa Mzee Nilla na Mama Gáren, akabatizwa wiki ya Pasaka katika kanisa hilihili. Mwaka 1965 alipelekwa shule ya bweni, kilomita tisini kutoka nyumbani, akasoma huko hadi 1973, na mwezi Novemba 1968 alimwona mwanafunzi mwenzake akitumbukia majini kupitia barafu changa, mkono ukabaki juu kidogo, kisha ukapotea. Tangu siku hiyo kaka yangu aliogopa maji, nasema aliogopa hasa, hata kisima alikichungulia kwa mbali.

Baada ya shule alichunga kulungu wa kufugwa wa baba kwa miaka kumi na mmoja, na tarehe 1 Julai 1984 akaanza kazi mliyomjua nayo, kuwaongoza wageni kuvua samaki aina ya trauti kwa chambo cha nzi wa bandia, aliowafunga mwenyewe kwa manyoya ya kulungu, kazi aliyoifanya miaka thelathini na nane bila kupoteza mgeni hata mmoja. Mtajiuliza mwoga wa maji alifuata nini mtoni, nami nilimuuliza, akanijibu, "Inká, asiyeogopa ndiye wa kuogopwa. Mgeni akiniona natetemeka, atafunga mkanda vizuri." Aliwakaza mikanda ya suruali zao za mpira kwa mikono yake, hata majaji na makanali, akawakataza kuusifu mto kabla hawajatoka majini, na walipolalamika kwamba siku inapita bure aliwaambia, "Tulieni, bwana. Trauti yupo tu, hana nauli ya kwenda popote."

Kipimo chake kilikuwa kilekile cha baba na cha babu, lile jiwe kubwa chini ya kivuko tunaloliita Bibi, maji yakimfika mabegani hakuna kuvuka, hata uwe nani, mabega yakiwa makavu unavuka, na katika kijiji hiki hajazaliwa mtu wa kubishana na Bibi.

Tarehe 21 Juni 1986 alifunga ndoa na Risten, wakajaliwa Elle mwaka 1989 na Máhtte mwaka 1992. Elle aliitaka kazi ya baba yake, baba akakataa miaka kumi, na Pasaka ya mwaka huu wa 2022, mezani kwangu, mbele ya watu, vikombe vya kahawa vikiwa mikononi, nilimwambia, "Woga ni wako, Heandarat, usimvishe mtoto!" Watu walicheka. Aliweka kikombe chini, akavaa kofia, akatoka, na hatukusemeshana tena hadi alipolazwa, ukaidi wetu mnaujua, tumeurithi wote wawili.

Barafu ya mto ilivunjika tarehe 26 Mei, kwa kishindo ambacho hata wazee hawakumbuki mfano wake. Tarehe 4 Juni nilikwenda ng'ambo, upande wa juu, kubambua maganda ya miti ya kulainishia ngozi za kulungu, nikamwona Bibi kwa nyuma, kule ambako hapiti mtu, na tumbo lake jeusi lililokaa matopeni tangu enzi za babu lilikuwa juani. Barafu ilikuwa imemsimamisha. Kutoka kivukoni anaonekana yuleyule, lakini jiwe lililokuwa limekaa likisimama, mabega yake yatakuwa makavu hata maji yakimfika mtu kifuani. Niliogopa, nikasema nitamwambia kaka, halafu nikasema aje kwanza aniombe radhi kwa kuondoka mezani kwangu, na siku zikapita.

Tarehe 17 Julai marehemu alimvusha mwalimu mmoja mstaafu kutoka Ujerumani, mabega ya Bibi yakiwa makavu, na katikati ya mto maji yakawanyanyua wote wawili, akamshika mgeni mkanda, akamsukuma juu ya changarawe, mwenyewe akabaki ndani ya maji ya theluji karibu saa nzima, ameshikilia mzizi, hadi mashua ikafika. Mgeni yule yuko hai, amekaa humu kanisani. Kaka yangu alishikwa na kichomi, akalazwa tarehe 19, na nilipokwenda kumwona tarehe 30 aliniambia kwa sauti ya kukatika, "Uliniita mwoga, Inká, na sasa hata macho yamekwisha. Nilimtazama Bibi, nikasoma vibaya. Nusura niue mtu." Nilimshika mkono nikasema, "Nyamaza, upumzike." Alifariki tarehe 3 Agosti, saa nne asubuhi, akiamini kwamba amekosea, na jibu nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza kwa kumwogopa yeye na kuwaogopa ninyi.

Jana Elle alipita kwangu, akaniambia huku anatabasamu, "Shangazi, usihofu, nimeshamtazama Bibi, mabega makavu kabisa. Baba alikuwa amezeeka tu." Alipoondoka nilichukua kalamu nikaandika karatasi hii. Elle, mwanangu, usivuke. Nanyi waongozaji wote, asivuke mtu hadi kivuko kipimwe upya kwa kamba na fimbo, hatua kwa hatua.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, na ndugu watatu. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani waliochimba kaburi kwenye ardhi hii ya mawe na kutuletea mchuzi wa nyama ya kulungu kila siku, waongozaji wenzake walioleta mashua, na mwalimu aliyerudi kutoka Ujerumani kumzika. Baada ya mazishi kahawa iko nyumbani kwangu, na atakayeshindwa kuvuka kizingiti changu nitamwelewa.

Kaka, ni mimi niliyejua nikanyamaza. Wewe uliyasoma maji kama ulivyofundishwa. Hukukosea. Pumzika sasa kwa amani.