Baba Alipolala Kitanda cha Wajawazito

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Na ninyi wa viti vya nyuma, apewe sifa tena!

Mimi ni Mwikali, nafua mashuka katika hoteli moja hapa Diani. Ndoto zangu ni nyingi kuliko hayo mashuka, lakini leo nina habari ya baba yangu, Mzee Mutua, mtunza bustani. Ana presha ya miaka mingi, na sigara alivuta tangu ujanani.

Mwaka jana daktari mgeni alikuja hospitali ya Msambweni na mashine ya kuangalia tumbo. Akatangaza kwamba wazee wenye presha, hasa waliovuta sigara, waje waangaliwe mshipa mkubwa wa damu unaopita tumboni, maana huweza kuvimba kimyakimya. Baba akakataa. Presha yake, alisema, iko kichwani. Tena mashine ile sote tuliijua ni ya wajawazito! Bakari, mwenzake wa bustanini, akamtania, "Mzee, ukijifungua mapacha, mmoja nipe mimi." Hapo ndipo Baba alipoapa hatakwenda.

Ndugu zangu, wakati huo nilikuwa mjamzito. Baba akanisindikiza kwa daktari yuleyule nikapimwe. Zamu yangu ilipofika, nikakaa sakafuni, machozi yakanitoka. Nikasema, "Sipandi kitandani mpaka upande wewe kwanza. Mama tulimzika bila kujua kilichomuua. Wewe, Baba, sikuachi."

Akawatazama wale wanawake kwenye foleni. Akavua shati, akapanda.

Daktari akapitisha kifaa cha ile mashine tumboni mwake tena na tena. Mshipa ulikuwa umevimba kama tyubu ya baiskeli iliyochakaa. Ungepasuka, tungempoteza. Na Baba hakuwa na maumivu yoyote! Asubuhi ile alikuwa amebeba ndoo za maji.

Akapelekwa Nairobi kupasuliwa. Nikabaki nje ya mlango nikiomba hata sauti ikakauka. Mwishowe daktari wa huko akatoka, akasema, "Mzee wako ameamka. Anauliza kama umekula."

Haleluya! Nililia nikicheka.

Asante Yesu, na asanteni nyote mliofunga na kuomba nasi. Mtumainini Mungu, ndugu zangu. Huponya kwa neno, na huponya kwa mikono ya watu.

Daktari yule wa mashine amerudi, kesho asubuhi yuko Msambweni. Baba, simama wakuone. Sasa baba zetu wote wenye presha, simameni pamoja naye. Msione haya. Kesho twende wote, Baba akiwa mbele.