Mama Faili na Simu ya Mezani ya Masjala

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu karani wetu mkuu wa masjala ya hospitali anastaafu. Barua za ofisi zina jina lake kamili. Sisi tunamwita Mama Faili, na leo tuna furaha hadi hatujui pa kuanzia!

Kumbukumbu yake inatisha. Kompyuta zilipoletwa, fundi alijigamba kwamba zitapata taarifa za mgonjwa yeyote kwa dakika moja. Hajamaliza kuandika jina, Mama Faili keshamwekea faili mezani. Fundi akaomba chai.

Lakini kazi yake kubwa kuliko zote aliifanya mwaka ule wa mlipuko wa maradhi. Wazee waliambiwa wabaki nyumbani, kliniki yao ikafungwa. Mama Faili akaona wiki ya tatu inapita bila mafaili yao kuguswa, na roho haikumtulia. Akaomba ruhusa kwa mganga mkuu, akavuta simu ya mezani, akaanza kuwapigia mmoja mmoja. Alitaka kuuliza habari za dawa tu. Akakuta watu wazima wanalia. Bibi mmoja hakuwa ameongea na mtu kwa siku tano. Sisi tuliopita mlangoni na barakoa zetu tulidhani anapiga soga, tukamcheka. Tunaungama.

Kulikuwa na mzee mmoja, refa mstaafu, aliyefiwa na mkewe na kushindwa kumzika kwa sababu ya marufuku ya mikusanyiko. Alikuwa amegeukia ukuta, hali, hasemi. Mkwewe ndiye aliyemshikia simu sikioni. Mama Faili, asiyejua mpira hata chembe, akamuuliza kwa nini kipa anashika mpira na wenzake wananyimwa. Kisha mzee akafoka: "Binti, wewe umeishi dunia gani?" Somo lilichukua dakika arobaini. Kesho yake alipiga mwenyewe, kufundisha sheria ya kuotea.

Wiki ya sita, kwa sauti tulivu kupita kiasi, refa alimwambia kwamba amegawa filimbi zake zote, hana haja nazo tena, na anamshukuru kwa kila kitu. Mama Faili alinyakua kalamu. Akaandika kwa herufi kubwa juu ya jalada la mzee, akamwinulia muuguzi wa afya ya akili aliyekuwa meza ya jirani: NENDENI KWAKE SASA HIVI. Kisha akamuuliza wazi: "Baba, unafikiria kujiua?" Mzee akalia, akasema ndiyo. Mama Faili hakumhubiria. Alimsikiliza, laini ikiwa wazi, mpaka aliposikia muuguzi akibisha hodi upande wa pili.

Refa alitibiwa, akarudi kula na kubishana. Ijumaa atahutubia kwenye hafla ya kumuaga Mama, tumempa dakika tano, na tayari anadai za nyongeza! Huduma ile ya simu aliyoianza peke yake nayo sasa ina wafanyakazi saba na wazee mia mbili na kumi.

Mama Faili anahamia kwa dada yake. Amenunua baiskeli ya kijani. Kuendesha ndiyo kwanza anaanza kujifunza, akiwa na miaka sitini.

Ahsante, Mama, kwa kila namba uliyopiga. Tunakuombea afya, barabara tambarare na breki nzima. Siku ukiweza kufika nayo hadi getini kwetu, piga kengele: tutatoka wote kukushangilia!