Wanyoike Ako na Chuma

Nyuma ya soko la Kariokor, kwenye benchi ya wanywa kahawa, asubuhi hiyo hakuna aliyetaniwa. Karao, yaani polisi, walikuwa wamempiga risasi Wanyoike, msukuma mkokoteni wa Gikomba, wakamuua, wakasema alikuwa na bastola. Luseno, fundi wa kunyoosha suti za mitumba, alishika kikombe bila kunywa. Jana yake, kwenye benchi hiyo hiyo, alikuwa amelalamika kwa sauti kwamba Wanyoike ako na chuma yake. Kwa Luseno, chuma ni pasi ya makaa. Mtaani, chuma ni bunduki. Mdomo hauna breki, jamani.

Wenzake hawakuwa wameliunganisha hilo, basi porojo zikaanza. Johnson, anayeitwa Wakili ingawa kortini huenda kama mshtakiwa, alikuwa na maelezo yake.

— Risasi ilikuwa ya mtu mwingine. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wanyoike alisimama.

Gedi, muuza kahawa, akasema kuna gari jeupe lisilo na namba, likipita mbwa hawabweki, na ukitajwa jina karibu nalo huoni jioni. Wakili naye akaapa kwamba Wanyoike ameonekana alfajiri akisukuma mkokoteni, magurudumu kimya kabisa. Walicheka kidogo, kisha wote wakageuka kutazama barabara.

Luseno akashindwa kuvumilia.

— Ilikuwa pasi, wazee. Aliazima anyooshe shati la ubatizo wa mtoto. Na ni mimi nilisema ako na chuma.

Wanza, mke wa Wanyoike, alikuwa ameshafika, leso begani, macho makavu. Alisikia yote. Hakumlaani Luseno, na Luseno alitamani alaaniwe. Mama huyo alitaka tu kujua ni nani waliokuwa hapo jana. Wakajitaja: Luseno, Wakili, Gedi. Halafu Gedi akamkumbuka jamaa wa kofia ya kijivu, aliyekaa mwisho wa benchi na kucheka mizaha yao yote.

— Alikuwa mgeni wa nani? Wanza akauliza.

Gedi alimtazama Wakili. Wakili alidhani ni wa Luseno. Luseno alikuwa amempisha akae, akiamini ni wa Gedi, na jamaa alipouliza kwa upole huyo Wanyoike anapatikana wapi, Luseno alimwonyesha kwa kidole.