Maman Adèle na Kanzu za Ijumaa

Leo Jumamosi, tarehe 28 Juni 2025, Maman Adèle Lifoli anastaafu, baada ya miaka ishirini na moja ya kupiga picha za nyumba katika kampuni yetu ya ujenzi hapa Makiso, Kisangani. Patron Wenceslas alitaka wasifu huu uandikwe na secrétaire wetu Naomie, kwa sababu amesoma. Nilikataa. Naomie anajua kuandika, lakini hajawahi kubeba ngazi ya Maman Adèle. Mimi, Papa Feruzi, fundi wa rangi, nimeibeba. Donc nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe, Naomie amepiga mashine tu, na nimemkataza kugusa neno.

Wengi mnajua wapiga picha wa harusi, wa ubatizo, wa passeport. Maman Adèle si wa hao. Yeye anapiga nyumba. Nje, ndani, salon, jikoni, hata mlango peke yake. Mtu anakaa Kinshasa ama Ulaya, anajengewa nyumba Kisangani, hajaiona hata siku moja: macho yake ni Maman Adèle. Hoteli ikimaliza vyumba vipya, wanamwita yeye. Karibu kila ukuta aliopiga nimeupaka mimi. Nikisifu picha zake nakuwa najisifu kidogo, mtanisamehe. Na msiponisamehe, bado ni kweli.

Ni mtoto wa Yanonge, kule mto unakoteremka. Alianza katika studio ya passeport akachoka na nyuso. Ukimuuliza sababu anakujibu: "Mutu unamuambia asitikisike, anatikisika. Ukuta unatulia."

Kufanya naye kazi si mchezo. Anafika kwa toleka, amekaa nyuma ya baiskeli, ile miguu mitatu ya kamera amelaza mapajani kama mtoto mgonjwa. Hasalimu, hasemi mbote kwanza. Anazunguka chumba, anatafuta jua linaingilia wapi. Halafu anaanza kutoa: calendrier ukutani, waya za televisheni, vitambaa vya viti vya fotey, maua ya plastiki. Anatoa, mwenye nyumba anarudisha, anatoa tena. Maman mmoja wa Mangobo aligoma kabisa.

"Bila maua watu watasema tuko maskini!"

"Na hayo maua yako, maman, watasema ni kaburi."

Walicheka wote wawili, maua yakaenda chini ya kitanda.

Mimi na yeye tuligombana kwa jambo moja tu. Sisi watu wa hapa, ukitengeneza kitu unavaa vizuri, unasimama kando yake, unaweka mkono juu yake, ndiyo picha. Nikimaliza ukuta, nasimama.

"Papa Feruzi, utoke mu picha."

"Sitoke. Huu ukuta iko na baba yake."

"Baba yake iko na tumbo, inafunika dirisha."

Miaka yote hiyo nilikataa kutoka, na miaka yote hiyo nilitoka. Mwanamke huyu hapigi kelele. Anakaa tu juu ya sanduku lake, anakungoja, mpaka unaona haya.

Bon. Sasa kazi yake kubwa. Hiyo mmekaa ndani yake. Salon hii tunamokula leo ni ya Maman Safiya, nyumba ya babu yake, yenye kuta nene za udongo na boriti nyeusi juu. Iko mzee kuliko sisi wote. Mwaka jana mfanyabiashara mmoja alitaka kuinunua, aibomoe, aweke depo ya saruji. Mwenye kusema ndiyo ama hapana ni mkubwa wa familia, kaka yake, Ismaël, anayekaa Lubumbashi tangu ujana. Akikubali, Maman Safiya anatoka. Ismaël alikuwa ametumiwa picha za telefone, nyeusi tupu. Akamwambia dada yake: "Safiya, hii si nyumba, ni shimo. Unionyeshe kitu, ama Jumapili, Siku ya Mungu, niko nasaini."

Maman Safiya akaja kwetu na machozi. Kuta nilikuwa nimekwisha kumpakia chokaa. Yeye alitaka rangi ya mafuta, ing'ae, mimi nikakataa, na nilikuwa na haki, mtaona.

Ijumaa ile tulikuwa hapa asubuhi. Courant, yaani umeme, ilikuwa imekatika. Groupe ya patron, ile jenereta, iko chantier nyingine ya ujenzi. Flash Maman Adèle haitaki, anasema inashtua ukuta. Na madirisha mnayaona wenyewe, madogo, watu wa zamani waliogopa joto. Tukatandaza shuka nje, mbele ya dirisha hili la uani, ili jua lipige juu yake lirudi ndani. Lakini shuka za Maman Safiya zina maua makubwa mekundu! Ukuta wangu mweupe ukawa rangi ya mawese. Maman Adèle akakunja shuka, akakaa juu ya sanduku. Nilimfahamu miaka mingi na sikuwa nimemwona ameshindwa. Siku ile nilimwona.

Mimi nikaenda kuswali. Niliporudi nilikuwa bado na kanzu yangu. Nikapita uani, mbele ya dirisha, na ndani nikasikia Maman Adèle ameruka.

"Papa Feruzi! Simama! Rudia pale ulikuwa!"

Nikarudi. Nikachungulia ndani. Ukuta ulikuwa umeamka. Jua lilipiga kifua changu na kifua changu kilipiga chumba.

"Papa, uko na wenzako ba kanzu?"

"Niko na musikiti muzima," nikamjibu.

Nikakimbia, na miguu yangu hii. Wazee walikuwa bado wanasalimiana mlangoni mwa msikiti. Nikawaambia: "Maman Adèle anawaita ku picha." Hakuna aliyebaki. Walikuja wananyoosha kanzu, wanaweka kofia sawa, mmoja amepaka mate kwenye ndevu zake. Wakajipanga uani, warefu nyuma, wafupi mbele, wakaelekea dirisha, kifua nje. Na ndani, Maman Adèle akageuza kamera, akawapa mgongo.

"Maman! Sisi tuko huku!"

"Najua, papa."

"Kamera iko naangalia ukuta!"

"Njo vile. Musitikisike."

"Alors sisi tuko nafanya nini hapa?"

"Muko naangaza."

Wazee wakaangaliana. Yule wa ndevu akasema: "Na mate yangu yote!" Ungesikia kicheko kile. Lakini hakuna aliyeondoka. Jua likawachoma kichwani, wakasimama imara kama siku ya Idi, na mwanga wao ukaingia polepole, ukapanda ukutani, ukafika kwenye boriti. Chokaa yangu ikaupokea vizuri, ukawa laini kama maziwa. Rangi ya mafuta ingeurudisha machoni kama kioo. Nilisema nilikuwa na haki. Katika picha ile hamtamwona mzee hata mmoja, mimi pia hamtaniona. Lakini mwanga wote ni wetu, na kanzu yangu ndiyo ilikuwa nyeupe kupita zote.

Jioni Ismaël akapiga simu. Maman Safiya akaweka sauti juu, tukasikiliza sote.

"Safiya, courant imerudi?"

"Hapana, yaya," akamjibu kaka yake.

"Sasa nani aliwasha?"

"Wazee ba Ijumaa."

Ismaël akauliza: "Ile ndoano ku boriti, bado imepinda?"

"Bado."

"Miye njo niliipinda. Nilining'inia pale, baba akanichapa."

Siku ya Mungu hakusaini. Lakini hakukataa pia. Alisema: "Tungoje. Nitakuja kuona." Na mwaka mzima alikuwa "nitakuja". Yule wa saruji anapiga simu, Maman Safiya halali vizuri, na Ismaël kila mara anaomba picha nyingine: ya mlango, ya uani, ya chumba cha nyuma. Maman Adèle anampelekea. Mwezi uliopita akaomba tena. Safari hii Maman Adèle alimpigia simu mwenyewe, nilikuwa kando yake: "Papa Ismaël, miye naacha kazi. Picha zimeisha. Imebaki macho yako."

Nilidhani ameharibu. Nilimwambia hivyo. Akakaa juu ya sanduku lake.

Jumatano hii Ismaël alishuka uwanja wa ndege. Aliingia hapa, akakaa kwenye fotey ile ya kona, akaangalia juu mpaka chai yake ikapoa. Maman Safiya alisimama mlangoni na sahani mkononi, hathubutu kuuliza. Basi Ismaël akauliza: "Fundi wa paa mzuri hapa Kisangani ni nani? Pale juu maji yatakuja kuingia." Fundi wa paa! Sahani ilianguka, mtatusamehe, ndiyo maana leo wengine mnakula kwenye za plastiki. Wa saruji ameambiwa atafute kwingine. Na Ismaël ndiye yule mwenye koti la kijivu anayegawa lituma, zile ndizi za kupondwa. Msimcheke, hajazoea.

Maman Adèle, asante kwa nyumba zote ulizotuonyesha, hata zile tulizojenga wenyewe na hatukuwa tumeziona. Unarudi Yanonge kwa dada yako, na nimesikia kuta za kule zimelala kidogo upande wa mto. Uziache zilale. Ukae, ule samaki mbichi, jua liingie linapotaka. Sisi wa Makiso tunakuombea uzee mrefu na wa raha. Na ukitaka zile kuta zipakwe, usiite mtu mwingine.