Nani Alimsikia Leonardi

Upepo wa Sumbawanga mwezi wa sita hauna adabu, unaingia mpaka kwenye mifupa bila hodi. Ndiyo maana kijiwe cha Abdala muuza kahawa hakikosi watu. Kipo barazani pa duka la kina Mwinjuma, jirani na wanapopaki malori: benchi moja lililobonyea katikati, jiko la mkaa, birika, na vikombe vidogo vinavyooshwa kwenye ndoo ileile tangu alfajiri. Mwaka huo wa sabini na sita sukari ilikuwa ya kusikia redioni tu, kwa hiyo kahawa ilinywewa chungu na ubishi ndio uliokuwa kashata. Wenye benchi lao walikuwa wanne. Modesti, aliyetoka seminari zamani kwa sababu ambazo kila mwaka zinabadilika, wakamwita Padri Nusu. Mwinjuma, mwenye lori la kwenda Kipili, kule ziwani, kila Alhamisi kufuata dagaa, wakamwita Dizeli. Gaudensi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, akabandikwa jina la wanafunzi wake, Ngumbaru. Wa nne, Leonardi wa Kasense, walikuwa wamemzika wiki tano zilizopita, na ile pembe yake ya benchi hakuna aliyethubutu kuikalia.

Dizeli ndiye aliyeanza. Siku zote ndiye anayeanza.

— Padri Nusu, hebu nikuulize kitu kidogo tu. Hii Injili ya Marko iliandikwa lini?

Gaudensi akaacha kikombe njiani. Jamani, yamerudi tena haya?

— Miaka kama thelathini na kitu, arobaini hivi, tangu Bwana asulubiwe, — akajibu Modesti, kajiweka sawa utadhani kaulizwa na askofu. — Mathayo na Luka baadaye kidogo. Yohana wa mwisho kabisa, kwenye miaka sitini.

— Arobaini! Abdala, umesikia? Mimi nimepakia dagaa juzi, leo sikumbuki magunia mangapi.

— Akiba haiozi, bwana. Maneno yalikuwa yamehifadhiwa moyoni.

— Hiyo ni akiba ya ulezi, siyo ya maneno!

— Tena barua za Paulo ndizo zilizotangulia. Zile ni miaka ishirini tu.

— Ngoja, ngoja, — Abdala akaacha kupepea mkaa. — Barua zimefika kabla ya habari yenyewe?

— Ndivyo wanavyosema wenye elimu.

— Na hao Wakorinto hawakumjibu?

— Walimwandikia. Zao ndizo zimepotea.

— Masikini! — Abdala akasikitika kabisa. — Kumbe barua kupotea hakukuanza leo.

Wakacheka. Gaudensi naye alicheka, ila kidogo tu, maana ubishi huu alikuwa anaujua ulipotoka na ulipomfikisha. Jumatatu ya Pasaka walibishana hivihivi, hapahapa. Dizeli akamwambia mbele za watu, wanafunzi wake wawili wamesimama palepale: “Wewe Ngumbaru unafundisha wazee wa watu kusoma, na kitabu chako mwenyewe hujui nani kakiandika wala lini!” Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Gaudensi aliondoka amevimba, akaapa hamsemeshi Dizeli mpaka aombe radhi.

Jioni ileile, kwenye njia ya Kasense, Leonardi akiwa anakokota baiskeli yake, akamwambia neno. Leonardi huyu alikuwa na binti, Josefina, aliyekwenda kuolewa na fundi mitumbwi wa Kipili bila ridhaa ya baba. Miaka tisa hakumtaja. Alishaapa mbele ya benchi kwamba hatamtaja, na Mfipa akishaapa mbele ya watu, kuvunja kiapo chake ni aibu. Basi akasimama, akatazama mashamba, akasema: “Gaudensi, ukionana na Dizeli, mwambie akifika Kipili amwambie yule aje.” Hivyo tu. Halafu akapanda baiskeli.

Kazi yenyewe ilikuwa kuvuka upana wa benchi. Lakini Gaudensi alikuwa amenuna. Dizeli alikuwa analiwasha lori mbele ya macho yake, yeye anajifanya anasoma gazeti. Leonardi alimuuliza mara moja, kwa sauti ya chini, “Umemwambia?” Akajibu, “Bado kidogo, wiki hii.” Alhamisi tatu zikapita. Ya nne haijafika, homa ya mapafu ikamchukua Leonardi kwa siku mbili.

Na msibani, kwa aibu, Gaudensi akasimama mbele ya waombolezaji akasema zaidi ya alichotumwa. Alisema marehemu alimwambia: “Nimemsamehe mwanangu, nimembariki yeye na wanawe.” Wanawake wakalia. Dizeli akamkumbatia, ugomvi ukaishia hapo. Watu walitoka matangani na neno lile, kila mtu na la kwake.

— Mimi najua kwa nini walichelewa kuandika, — Abdala alikuwa amepamba moto. — Karatasi! Karatasi wakati ule ilikuwa kama sukari, ya kibali. Unakwenda ofisini kwa Pilato, unaambiwa karani katoka, njoo Jumatatu. Jumatatu ngapi hizo mpaka ifike miaka arobaini? Mwenda pole hajikwai!

— Siyo karatasi, ni operesheni, — Modesti akamkata. — Warumi walibomoa Yerusalemu, watu wakatawanyika na mizigo kichwani. Ndipo wakashtuka: jamani, tuandike kabla wazee hawajaisha. Si unaona sisi tulivyohamia vijijini? Muulize mtu leo kaburi la babu yake liko wapi, anakuonyesha kwa kidole tu, kulee.

Dizeli akadakia.

— Mnahangaika bure. Hao walikuwa wavuvi. Wavuvi nawajua mimi! Samaki kuhe anatoka majini Kipili ana urefu wa mkono. Akifika gengeni ni urefu wa mtu. Nikimfikisha Sumbawanga, huyo anadaiwa nauli.

— Lakini walihesabu samaki mia na hamsini na tatu! Imeandikwa. Mwongo angesema mia mbili.

— Mwongo wa kawaida. Mwongo fundi ndiye anayeweka hao watatu.

— Astaghafiru! — Abdala akacheka mpaka birika likayumba.

— Sikufuru, nauliza tu, — akasema Dizeli. — Kwetu msikitini ukileta neno la Mtume tunakuuliza: umelisikia kwa nani? Na huyo kalisikia kwa nani? Mpaka tumfikie aliyekuwepo. Sasa huyo Luka alikuwepo?

— Hakuwepo, na mwenyewe hakuficha. Aliwauliza waliokuwepo.

— Asiyekuwepo na lake halipo!

— Wewe Dizeli, mashahidi watatu, Mathayo, Marko na Luka, wanasema jambo moja, pengine neno kwa neno. Mahakama gani itawakataa?

— Neno kwa neno? Basi watatu hao wamesikia kwa mmoja. Ngumbaru, mbona leo bubu?

— Nasikiliza, — akasema Gaudensi. Kahawa yake ilishapoa.

Mwanamke mmoja akavuka barabara, khanga nyeusi kichwani, sweta la kiume juu yake. Alipofika barazani akachuchumaa, akapiga makofi taratibu kama wanavyoamkia wanawake wa Ufipa.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mwanetu.

— Mimi ni Josefina, wa Leonardi.

Hata Abdala akaweka chini birika. Dizeli alimfahamu, maana baada ya mazishi yeye ndiye aliyepeleka habari Kipili, na wiki iliyopita akamleta kwa lori.

— Karibu, mwanangu. Pole tena. Kaa hapa, benchi hili la baba yako.

— Asante, baba, hapa panatosha. Kesho narudi. Baba Mwinjuma aliniambia njiani kwamba baba alishanisamehe. Nimeona nisiondoke kabla sijasikia kwa waliomsikia.

— Umefanya vizuri! — Modesti akasema, na macho yalikuwa yanamlengalenga kwelikweli. — Alisimama hapahapa, kikombe mkononi, akasema: “Nimemsamehe mwanangu, nimembariki yeye na wanawe.” Nimesikia kwa masikio yangu haya.

— Mimi nilikuwa namimina, — akasema Abdala. — Mkono ulitetemeka, kahawa ikamwagika.

— Na chozi lilimtoka, — akamalizia Dizeli. — Leonardi, mtu mgumu vile!

Gaudensi aliwatazama mmoja mmoja. Hawakuwa waongo, wallahi hawakuwa waongo. Walimpenda Leonardi, na neno lile walikuwa wameligeuza kichwani mpaka likapata benchi, likapata kikombe, likapata na chozi. Lilikuwa neno lake yeye, la msibani. Sasa lilimrudia kwa vinywa vitatu vilivyoapa, naye akajionea aibu kama mtu aliyevuliwa nguo gulioni.

Josefina alisikiliza mpaka mwisho. Akajifuta uso kwa pembe ya khanga.

— Asanteni. Aliyasema lini?

— Lini? — Modesti akakohoa. — Ilikuwa... siku zile za mwisho mwisho.

— Kabla hajaugua, — akasema Abdala. — Au alishaanza kukohoa?

— Mimi nadhani ilikuwa siku niliyotoka kubadilisha tairi, — Dizeli akaanza, kisha akasita. Akakunja uso. — Hivi mimi nilikuwepo kweli siku hiyo?

Wakatazamana. Halafu wote watatu, pole pole, wakamgeukia Gaudensi.

Angeweza kusema usiku wa kuamkia kufa. Nani angembishia? Mtoto wa watu angerudi kwake na moyo mweupe. Neno lilishafika ulimini. Akamtazama pale alipochuchumaa, mikono imepauka kwa baridi, akashindwa.

— Jumatatu ya Pasaka, — alisema. — Hawakuwepo hawa. Tulikuwa wawili njiani, mimi na yeye.

— Pasaka? — Josefina alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. — Si zimepita wiki tatu mpaka amefariki?

— Wiki tatu.

— Alisema amenisamehe?

— Hilo niliongeza mimi, msibani. Yeye alisema hivi: “Mwambie Dizeli akifika Kipili amwambie yule aje.”

— Alisema nije?

— Alisema uje.

Dizeli aliinuka, akakaa tena.

— Gaudensi. Mimi nilikuwa nakaa hapa. Kila siku nilikuwa nakaa hapa.

— Najua.

— Ungeniambia neno moja tu!

— Tulikuwa tumenuniana, Mwinjuma. Umesahau?

Josefina aliwaangalia, huyu na huyu. Hakupandisha sauti.

— Mlinuniana kwa jambo gani, baba?

Dizeli akashika kichwa. Modesti, mwenye miaka ya vitabu vyote vinne kichwani, alitazama vidole vya miguu yake. Gaudensi alifungua kinywa, akalitafuta lile jambo lilivyokuwa kubwa siku ile, mbele za wanafunzi wake, akaona aibu hata kulitamka. Abdala akatwaa birika, akajaribu kummiminia mgeni kikombe, ikatoka machicha.

Josefina alisubiri kidogo bado amechuchumaa, kama anayengoja salamu yake iitikiwe. Kisha akasimama, akakaza khanga kichwani.

— Kutoka Kipili ningekuja hata kwa miguu, baba, — alisema.