Kinyozi Aliyekataa Kukaa

Tarehe 6 Februari 2023, jopo la madaktari bingwa lilitamka kwamba marehemu hatasimama tena, na kwamba kuanzia siku hiyo atatumia kiti cha magurudumu. Familia inalirudia tamko hilo hapa kwa heshima zote.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Wembe, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 akitanguliza miguu. Mama yake, mkunga, alisema huyu amekuja tayari kusimama.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1986. Hesabu zilimpiga chenga, lakini alinyoa darasa zima kwa mkasi wa maabara hadi akaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Walikaa humo kipindi kizima. Mwalimu mkuu alitoka amenyolewa.

Mwaka 1989 alifungua chumba chake nyuma ya posta: kioo chenye ufa, feni, kiti kimoja. Hakuna aliyewahi kumkuta amekaa. Ukimuuliza, alijibu, “Hapa anayekaa ni mteja.”

Mkewe alifika pale akimsindikiza kaka yake. Alitazama kazi, akauliza, “Fundi, hapo nyuma ya sikio umemwachia nani?” Walifunga ndoa tarehe 22 Julai 1995.

Mgongo ulianza kumuuma mwaka 2021. Familia nzima ililaumu kazi ya kusimama, ikamchua kwa dawa ya misuli, na familia nzima ilikosea. Kikafuata kichwa, kisha macho. Siku moja aliona wateja wawili kwenye kiti kimoja, akauliza kwa adabu, “Nani anaanza?”

Mteja, aliyekuwa peke yake, akajibu, “Mimi. Huyo mwenzangu atasubiri.”

Vipimo vilionyesha kifua kikuu sugu, kisichosikia dawa za kawaida, kwenye uti wa mgongo na ubongo. Daktari alieleza kwamba kilipojificha humo hakimwambukizi mtu kwa kunyolewa. Baadhi ya majirani waliamua kujinyoa wenyewe, na matokeo mliyaona. Dawa kali zilimvuruga tumbo na kumwachia mlio masikioni. Alisema ni afadhali kuliko redio ya duka la jirani.

Kiti cha magurudumu kilipoletwa, alikitazama kwa muda mrefu. “Kizuri,” alimwambia mkewe. “Kinazunguka.”

Alijifunza kusimama upya jikoni, ameshikilia meza, mkewe akimkamata mkanda wa suruali kwa nyuma. “Ukianguka tunaanguka wote, baba watoto,” alimwambia, “na gauni hili ni jipya.” Desemba 2023 alifungua kazi tena, ameegemea ukuta.

Agosti iliyopita ugonjwa ulimrudia ubongoni. Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 10 Septemba 2024, akiwa amelala, jambo ambalo halikuwa chaguo lake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, dada mmoja, na shemeji mwenye lile sikio. Apumzike kwa amani, kwa mkao autakao mwenyewe.

Kiti cha magurudumu kitarudishwa hospitali Jumatatu. Tumekifuta mara kadhaa. Bado kina nywele za wateja.