Kumuaga Mwalimu Emilia, na Siku Tatu Nilizonyamaza

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Ndugu Mwenyekiti wa Bodi, Mkuu wa Kituo chetu cha Maandalizi, Mwalimu Gaudence, Baba Mchungaji na Shehe wetu, wazazi, walimu, wanafunzi mnaojiandaa kwenda vyuo vya nje mwaka huu wa 1999, na wewe tuliyekujia leo, mama yetu, Mwalimu Emilia Chilongani. Wakubwa wangu, shikamooni. Na ninyi nyote, kwa salamu ya hapa kwetu, mbukwenyi.

Naitwa Aneth Ndahani, mzaliwa wa Kibakwe, mhandisi wa maji. Nimepewa heshima ya kusema kwa niaba ya wote waliopita mikononi mwa Mwalimu Emilia kwa miaka kumi na miwili. Kwenye ratiba mmeniandikia dakika kumi. Mheshimiwa, naomba radhi mapema nikizidisha kidogo, kwa sababu ninalo jambo ambalo nimechelewa kulisema kwa miaka saba.

Nianze na yale yanayotufurahisha. Nani kati yetu hakupelekwa na Mwalimu kwenye mitumba ya Sabasaba kuchagua koti zito, jua la Dodoma likituchoma, wauza nguo wakituuliza kama tuna homa? Nani hakufundishwa kupiga simu kwa kutumia simu mbovu ya ofisini, isiyounganishwa na waya wowote, naye Mwalimu amesimama nyuma ya mlango akijifanya karani wa chuo asiye na subira? Kiingereza na hisabati walitufundisha wengi. Namna ya kuishi ugenini bila kujidharau alitufundisha yeye.

Somo lake gumu kuliko yote lilikuwa la Ijumaa, somo la kupinga. Alisema huko tuendako mwanafunzi anayenyamaza huhesabiwa kuwa hajui. Basi alikuwa anasimama mbele na kusema jambo la uongo kwa makusudi, akitungoja tumpinge. Siku moja mwaka 1992 akaniambia, "Aneth, Kibakwe ni bandari kubwa. Kweli au si kweli?"

Nami, mtoto wa milimani, nisiyewahi kuona meli, nikajibu, "Kama Mwalimu amesema, ni kweli."

Darasa lilicheka. Mwalimu hakucheka. Akasema, "Mwanangu, heshima si kumwacha mkubwa wako apotee."

Ndugu zangu, maneno hayo niliyaandika kwenye daftari kwa hati nzuri sana. Kuyatenda kulinishinda, na hapo ndipo penye habari yangu.

Mwaka huo tulikuwa wanafunzi kumi na wanne tuliongoja mtihani wa wafadhili, ambao ungefanyika Dar es Salaam. Mwalimu alikuwa ametuandikia ubaoni: Jumamosi, tarehe ishirini na moja Machi. Jumatatu ya tarehe tisa akanipa jalada la mazoezi nikayachape. Ndani yake nikakuta barua ya wafadhili, ya pili, iliyosema mtihani umerudishwa nyuma hadi tarehe kumi na nne. Mwalimu alidhani ni nakala ya barua ya kwanza, akaitia kwenye jalada bila kuisoma hadi mwisho.

Niliisoma mara tatu. Kisha nikairudisha mahali pake.

Mtaniuliza, kwa nini? Nilijiambia Mwalimu hawezi kukosea, pengine kuna barua ya tatu ambayo mimi sijaiona. Nilijiambia pia kwamba binti wa miaka ishirini hamwendei mtu aliye sawa na mama yake akamwambia, umekosea. Jumanne nikapita mlangoni kwake, nikasalimu, nikaondoka. Siku hiyohiyo mwenzetu Denis Bartolomayo, aliyekuwa wa kwanza darasani, aliomba ruhusa akaenda kwao Mlali kumwona mama yake mgonjwa. Nilimsindikiza hadi stendi. Nikampa mkono, nikamwambia safari njema, na barua ile nikabaki nayo moyoni.

Alhamisi asubuhi nikashindwa kula. Nikaenda ofisini kwa Mwalimu, nikasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sema, Aneth."

"Mwalimu, tarehe uliyoandika ubaoni siyo."

Akafungua jalada, akaisoma barua hadi mwisho. Halafu akauliza, "Uliiona lini?"

"Jumatatu."

Nilingoja kufukuzwa. Mwalimu alivua miwani, akaiweka mezani, akasema polepole, "Hilo la Jumatatu libaki kwangu. Wewe una mtihani keshokutwa."

Akaingia darasani akasema, "Wanafunzi, nimekosea tarehe. Kosa ni langu. Fungeni mizigo." Reli ilikuwa imesombwa na maji pale Gulwe, kwa hiyo Ijumaa tukaondoka na basi, watu kumi na watatu. Kwa Denis alituma ujumbe kupitia dereva wa gari la Kongwa. Makorongo yalikuwa yamejaa, gari likalala njiani, na ujumbe ukafika Mlali Jumamosi mchana. Saa hiyo sisi tulikuwa tumekwisha kukabidhi karatasi zetu.

Tisa tulifaulu. Mimi nikaenda Uskoti. Huko siku moja profesa alikosea hesabu ya kina cha kisima mbele ya watu arobaini, nami nikainua mkono kabla hajamaliza kuandika. Alinishukuru, na wenzangu wakanisifu kuwa jasiri. Usiku ule sikujisikia jasiri hata kidogo. Nilimfikiria Denis.

Mwaka uliofuata ufadhili ule ulifungwa. Denis akasomea ualimu, na leo anafundisha hisabati sekondari huko Kongwa. Tangu siku ile hakukanyaga tena kituoni, wala hakujibu barua za Mwalimu. Nami niliporudi nchini nilisikia watu wakisema, Mwalimu Emilia ni mwema, lakini kuna kijana alimpotezea bahati yake. Niliyasikia maneno hayo, na kwa mara nyingine nikanyamaza.

Jana nilikwenda Mlali. Nilimkuta Denis nyumbani, nikamweleza yote: jalada, barua, Jumatatu, stendi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Wiki iliyofuata mtihani ule Mwalimu alikuja hapa kwa miguu kutoka barabarani, matope hadi magotini. Baba alimuuliza, nani mwingine alijua? Akajibu, kosa ni langu, Mzee. Je, Aneth, wakati huo Mwalimu alijua kuwa wewe ulijua?"

"Alijua."

Akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi akaniambia, "Mimi na wewe, Aneth, tutazungumza siku nyingine. Kesho sherehe inaanza saa ngapi?"

Ndugu wageni waalikwa, ni kweli Mwalimu alikosea kuisoma barua, naye alikiri kosa lake siku ileile mbele ya darasa. Lakini siku tatu zilizompotezea Denis safari yake zilikuwa zangu, si zake. Mwalimu amezibeba miaka saba ili mimi nisome kwa moyo mwepesi. Wengi hapa watamsifu leo kwa kutufundisha kusema. Mimi namshukuru kwa alilolinyamazia, na ninamwomba msamaha kwa kumwachia lawama peke yake. Haingekuwa haki aende kupumzika akiwa na mzigo wangu mgongoni.

Wanafunzi wa mwaka huu, mkiona kosa langu, la mwalimu wenu, au la mtu yeyote, semeni siku hiyohiyo. Semeni kwa adabu, lakini semeni.

Mwalimu, nilikuona ulipoingia. Ulimtazama mtu aliyekaa karibu na mlango, kisha ukainamisha macho. Usiyainamishe, mama. Ni yeye, na amekuja kwa hiari yake.

Sisi wanafunzi wako wa zamani tumekuletea mtamba, amefungwa hapo uani. Mimi ndiye niliyepangiwa kukukabidhi kamba, lakini leo asubuhi Denis ameniomba nimwachie yeye kazi hiyo.

Nawashukuru nyote kwa uvumilivu wenu na kwa masikio yenu. Asanteni sana. Denis, karibu mbele.